'Pap' wa Pap smear: Mgeni wa dola 250 aliyefundisha dunia kuiwahi saratani

Huenda umewahi kuona bango nje ya kituo cha afya mtaani kwenu likitangaza kipimo cha Pap smear. Ukalisoma, ukapita. Labda ulidhani hiyo 'Pap' ni kifupisho cha maneno ya kidaktari. Kumbe ni jina la mtu! Ni kipande cha jina la Mgiriki mmoja, Georgios Papanicolaou, jina refu kiasi kwamba wenzake Marekani waliamua kulikata na kumwita Dkt Pap.

Na ukisikia alikopitia, utajua kwamba kutafuta riziki ukiwa na digrii mkononi hakukuanzia Githurai.

George alizaliwa Mei 13, 1883, mjini Kymi, kwenye kisiwa cha Euboea nchini Ugiriki. Babake alikuwa daktari na, kama wazazi wengi hata leo, alitaka mwanawe afuate nyayo zake. George alisomea udaktari Athens, akahitimu mwaka wa 1904. Lakini kuketi kliniki akitibu homa hakukumvutia. Moyo wake ulikuwa kwenye utafiti. Basi akaenda Ujerumani, na mwaka wa 1910 akapata shahada ya uzamifu mjini Munich.

Mwaka huo huo alimwoa Andromachi Mavrogeni, ambaye baadaye walimwita Mary. Lishike hilo jina, maana bila Mary hadithi hii haipo.

Vita vya Balkan vilipozuka 1912, George alirudi nyumbani kuhudumu jeshini kama daktari. Huko akakutana na Wagiriki waliotoka Marekani kuja kupigania nchi yao. Wakamsimulia maisha ya ng'ambo. Vita vilipoisha, yeye na Mary wakafunga virago.

Dola 5 kwa wiki

Oktoba 1913 meli iliwashusha New York. Mfukoni walikuwa na dola 250, kiasi ambacho mume na mke walitakiwa kuonyesha ndipo waruhusiwe kuingia. Kiingereza chao kilikuwa cha kubahatisha. Mtu wa kuwashika mkono hawakuwa naye. Shahada ya uzamifu ipo, lakini nani ataiangalia?

Mary alipata kibarua cha kushona vifungo katika duka kubwa la Gimbels kwa dola 5 kwa wiki. George naye akaajiriwa duka hilo hilo kuuza mazulia. Alidumu siku moja tu! Akaenda kupiga fidla mikahawani jioni, na mchana akawa karani kwenye gazeti la Wagiriki wa pale jijini. Ebu fikiria: daktari, msomi wa uzamifu, anapiga muziki watu wakila.

Mwaka wa 1914 mambo yakaanza kunyooka. Alipata kazi katika hospitali ya New York, kisha akaingia idara ya anatomia ya chuo cha tiba cha Cornell jijini humo. Mary akaacha vifungo na kuingia maabara pamoja naye kama msaidizi wake.

Kazi ya George ilikuwa kuchunguza simbilisi, vile vijinyama vidogo vya maabara. Alihitaji mayai ya uzazi ya majike, tena kwa wakati maalumu kabisa, na njia ya pekee iliyojulikana ilikuwa kuwachinja na kubahatisha. George akawaza: mwanamke hupata hedhi kila mwezi, mbona kijike cha simbilisi kisiwe na dalili yake? Akatafuta kifaa kidogo cha kupimia pua, akachota majimaji kidogo kwenye uke wa simbilisi, akayapaka kwenye kioo na kuyatazama kwa hadubini. Akaona seli zikibadilika siku baada ya siku kwa mpangilio maalumu. Matokeo hayo yalichapishwa 1917, akishirikiana na bosi wake Charles Stockard.

Swali likabaki: je, kwa binadamu ni hivyo hivyo?

Mary anajitolea

Kujibu swali hilo kulihitaji mwanamke ambaye angekubali kuchotwa majimaji kila siku, bila kuwa mgonjwa, bila malipo, na bila uhakika kwamba kazi hiyo ingezaa chochote. Mary akakubali. Alifanya hivyo kwa takriban miaka 20. Sasa wewe unayeona dakika tano za kipimo ni nyingi, pima hapo.

Baada ya Mary, George alianza kuchukua sampuli za wanawake wengine hospitalini katika miaka ya 1920. Ndipo kwenye kioo cha mgonjwa mmoja akaona seli zisizo za kawaida: viini vikubwa kupita kiasi, vyenye rangi nzito na maumbo ya ajabu. Zilikuwa seli za saratani ya mlango wa kizazi. Hazikukatwa kwa kisu. Zilikuwa zimejimenya zenyewe kutoka mahali zilipokuwa, zikachanganyika na majimaji.

Kwa nini hilo lilikuwa jambo kubwa? Kwa sababu saratani hii haivamii ghafla kama ajali ya barabarani. Kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kutoka seli zinapoanza kuharibika hadi kuwa saratani kamili, japo kwa mwenye kinga dhaifu huweza kuwa mapema zaidi. Muda wote huo mwanamke haumwi na chochote. Anafanya kazi, anacheka, anaenda zake sokoni. Ukiweza kuziona seli hizo mapema, unaziondoa kabla hazijawa saratani. Huko si kutibu tena, ni kuzuia.

Januari 1928 George alipeleka habari hizo kwenye kongamano mjini Battle Creek, jimbo la Michigan. Alipokewa kwa ubaridi. Mwaka uo huo daktari wa Romania, Aurel Babeș, naye alichapisha njia yake inayofanana na hiyo, na yeye pia hakusikizwa sana. Wataalamu walisema tayari wana njia ya kukata kinyama na kukipima, sasa seli za kuelea ni za nini? Hawakuelewa kwamba njia yao ilimfaa mwanamke aliyekwisha kuugua. Ya George ilimfaa yule ambaye bado anajiona mzima.

Alirudi maabara, akafanya mengine kwa zaidi ya miaka kumi.

Kutoka maabara hadi mtaani

Mwaka wa 1939 alianza upya, safari hii pamoja na daktari wa wanawake, Herbert Traut. Wakaamua jambo moja: kila mwanamke aliyelazwa katika wadi ya magonjwa ya wanawake ya hospitali ya New York apimwe, awe na dalili au asiwe nazo. Visa vikajitokeza ambavyo hakuna aliyevishuku. Makala yao yalitoka 1941, na kitabu kikafuata 1943, kikiwa na michoro ya seli iliyochorwa kwa mkono na msanii mzaliwa wa Japani, Hashime Murayama. Safari hii dunia ikasikiliza.

Lakini kipimo kilichofungiwa hospitalini hakiokoi mtu aliye nyumbani. Hili Mary alilielewa. Inasimuliwa kwamba aliwahi kuwaalika marafiki zake kwenye karamu, na katikati ya soga akawaomba wakubali kupimwa. Wakakubali, na mmoja wao akapatikana na saratani. Kwa lugha yetu, Mary aliitisha kikao cha chama na kukigeuza kliniki. Wale kina mama hawakuja kwa sababu ya bango. Walikuja kwa sababu aliyewaita walimjua, naye alikuwa ameshapimwa mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Kisha wengine wakafanya hivyo kwa ukubwa zaidi. Mapema miaka ya 1950, jijini Memphis, jimbo la Tennessee, zaidi ya wanawake 100,000 walipimwa katika mpango mmoja wa jamii. Miaka iliyofuata, vifo vya saratani hii nchini Marekani vilishuka kwa zaidi ya nusu, ilhali zamani ilikuwa miongoni mwa saratani zilizoua wanawake wengi zaidi nchini humo.

George hakupata Tuzo ya Nobel, ingawa alipendekezwa. Mwaka wa 1961 walihamia Miami akaongoze taasisi ya saratani. Hakukaa sana. Alifariki Februari 19, 1962, kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 78. Taasisi hiyo ikapewa jina lake, na Mary akaendelea kufanya kazi huko. Mary alifariki 1982. Walikubaliana mapema kutopata watoto ili kazi isisimame. Ugiriki ilimkumbuka George kwa kuweka sura yake kwenye noti ya drakma 10,000. Sura ya Mary haikuwekwa.

Sasa rudi Kenya

Kwa nini nikusimulie haya yote? Kwa sababu hapa kwetu saratani ya mlango wa kizazi bado inaua zaidi ya wanawake 3,000 kila mwaka. Wengi hufika hospitalini wakiwa tayari wanavuja damu na kuumwa, yaani baada ya ile miaka 15 ya nafasi kupita bure.

Na leo tunajua zaidi ya alivyojua Dkt Pap. Tunajua kisababishi ni virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa ngono. Chanjo ipo, na tangu Oktoba 2019 serikali huwapa wasichana kuanzia miaka 10. Pap smear yenyewe sasa ina wenzake: kuna kipimo cha virusi, ambacho mwanamke anaweza kujichotea sampuli mwenyewe, na kuna kile cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi na kutazama kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Mabadiliko ya awali yakionekana, huondolewa kliniki kwa kugandishwa au kwa joto, na mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Ikiwa wewe ni mwanamke na umefika miaka 25, upimaji huu unakuhusu. Ikiwa unaishi na virusi vya Ukimwi, usingoje umri huo. Uliza kliniki unakochukulia dawa. Na wewe kaka usijitoe. Virusi hivi hupita kwako pia, na kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza.

Sasa kuna kazi moja ambayo haihitaji hadubini. Una mama, shangazi, dada mkubwa, au yule mama wa kibanda anayekukopesha chapati. Mwulize kwa heshima kama amewahi kupimwa. Huenda akacheka, huenda akakukemea kwa kugusa mambo ya watu wazima. Mpe siku mbili, umwulize tena, na ujitolee kumsindikiza au kumshikia kibanda akienda. Akiwa na chama chake cha Jumapili, mwambie mhudumu wa afya wa jamii wa eneo lenu aalikwe aje aongee nao. Mary alianza na marafiki waliokuja kula karamu, na mmoja wao alikuwa mgonjwa bila kujua.