Mwalimu Nyerere na mabepari wa Shakespeare

JINA la Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere linapotajwa jijini Arusha, fikra za wengi hukimbilia Azimio lililotangazwa rasmi Februari 5, 1967. Ni wachache wanaokumbuka kwamba miaka miwili baadaye mwangwi wa Azimio hilo ulisikika mahali pasipotarajiwa, katika tamthilia ya Mwingereza William Shakespeare.

Nyerere alizaliwa Butiama Aprili 13, 1922, akiwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alisoma Musoma, Tabora, Makerere na hatimaye Edinburgh, kisha akafundisha Pugu kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 na kujitosa moja kwa moja katika siasa.

Mwaka 1963, akiwa Rais wa Tanganyika, alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar. Hadi wakati huo tamthilia za Shakespeare zilionekana nchini kuwa mali ya madarasa ya Kiingereza na vilabu vya maigizo vya Wazungu mijini. Mwalimu alitaka kuonyesha kwamba Kiswahili kina utajiri wa kutosha, na kwamba utajiri huo huongezeka lugha inapopewa kazi mpya.

Jaribio lenyewe halikuwa jepesi. Masikio ya Waswahili yalizoea ushairi wa vina na mizani, ilhali yeye aliandika mistari isiyo na vina, inayofuata mwendo wa usemi wa jukwaani. Kundi la raia wa Roma, linalogeuzwa nia kwa hotuba za viongozi, sasa lilipiga kelele zake kwa Kiswahili.

Tamthilia hiyo inasimulia kuuawa kwa mtawala, na mfasiri alikuwa mtawala mwenye jina lile lile. Januari 1964 askari wa Tanganyika waliasi, Rais akalazimika kujificha, na hatimaye majeshi ya Uingereza yakaombwa kuzima maasi hayo. Hata hivyo Nyerere hakuiacha kazi yake. Aliirekebisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari.

Mwaka huo huo ilitoka tafsiri yake ya pili, Mabepari wa Venisi. Katika jina la Kiingereza yumo mfanyabiashara mmoja tu, Antonio. Mwalimu aliweka wingi, hivyo Antonio na mkopeshaji Shylock wakaingia katika kapu moja.

Neno bepari, lenye asili ya Bara Hindi, hapo zamani lilikuwa na maana ya mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha, msomaji wa Kitanzania hakuweza kulisikia bila kufikiria unyonyaji. Wapo wanaoona kwamba uteuzi huo uliielemeza tamthilia upande mmoja, na wapo wanaoona kwamba ndio ulioipa makazi nchini.

Njia ilikwisha kufunguka. Samuel Mushi alitafsiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969, kisha akaugeukia mchezo wa kale wa Kigiriki katika Mfalme Edipode wa mwaka 1971.

Aidha, haifai kusahau kwamba mfasiri huyu wa tamthilia kuhusu hofu ya udikteta ndiye aliyeongoza nchi iliyokuwa na sheria ya kuweka watu kizuizini tangu 1962, na mfumo wa chama kimoja kisheria tangu 1965. Maswali ya Bruto na Kasio yalimhusu hata yeye.

Mwalimu aling'atuka urais mwaka 1985. Miaka yake ya mwisho ilimrejesha Arusha, safari hii akiwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi, hadi alipofariki dunia London Oktoba 14, 1999. Mkataba wa amani ulitiwa saini Arusha Agosti 2000, chini ya mrithi wake katika usuluhishi, Nelson Mandela.

Tafsiri zake mbili zimebaki. Kundi lolote la wasanii litakalozipandisha jukwaani chini ya Mlima Meru litalazimika kwanza kuamua namna ya kulitamka neno bepari mbele ya watazamaji wa leo, ambao wengi wao wanaishi kwa biashara.