Sekoto: Mchoraji wa Sophiatown aliyezeekea Paris

WAHENGA walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Gerard Sekoto, mchoraji mashuhuri wa Afrika Kusini, hakujaliwa marejeo hayo. Aliondoka kwao mwaka wa 1947 akiwa na umri wa miaka 33, akaishi Ufaransa kwa zaidi ya miaka 45 na kuzikwa huko huko. Zilizorejea ni picha zake.

Sekoto alizaliwa Desemba 9, 1913 katika misheni ya Kilutheri ya Botshabelo, karibu na mji wa Middelburg. Alisomea ualimu katika chuo cha Grace Dieu, kisha akafundisha katika shule ya Khaiso, karibu na Pietersburg, mji ambao siku hizi huitwa Polokwane. Hapo alifanya urafiki na Ernest Mancoba, mwalimu mwenzake aliyekuwa mchongaji, na ambaye mwaka wa 1938 alisafiri kwenda Paris kutafuta uhuru wa kufanya sanaa yake.

Mwaka uo huo, Sekoto alitwaa zawadi ya pili katika mashindano ya uchoraji. Akaweka chaki chini na kuelekea Johannesburg, akapata makao katika mtaa wa Sophiatown. Alichora alichokiona kila siku: wanawake wakifanya kazi, watoto wakicheza, watu wakipita mbele ya nyumba za manjano.

Mnamo 1940, Jumba la Sanaa la Johannesburg lilinunua picha yake ya nyumba hizo. Ilikuwa kazi ya kwanza ya mchoraji mweusi kuingia katika hazina ya jumba hilo. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba ili kuiona picha yake mwenyewe ukutani, ilimlazimu kujifanya mfagiaji.

Mnamo 1942 alihamia District Six mjini Cape Town, na mwaka wa 1945 akaenda Eastwood, Pretoria. Ni huko Eastwood alikochora picha ya vibarua weusi waliojipanga safu moja, sururu zikiwa juu kwa pamoja, huku msimamizi wao mzungu akionekana mdogo na mnyonge mbele yao. Wengi huihesabu miongoni mwa kazi zake bora kabisa.

Fedha alizopata kwa kuuza picha zilimlipia nauli ya kwenda Ulaya. Alipitia London, akafika Paris bila kukijua Kifaransa na bila mtu wa kumpokea. Mchana alichora, usiku alipiga piano na kuimba katika baa ili apate chakula na kodi ya chumba. Upweke, ulevi na uchovu vilimzidi nguvu, na mnamo 1949 akalazwa katika hospitali ya Sainte-Anne, inayotibu maradhi ya akili.

Hakukata tamaa. Alipopata nafuu alirudia brashi yake, akatunga nyimbo na kuendelea kujijengea maisha katika mji ule. Paris ilimpa alichonyimwa kwao: aliweza kuketi mkahawani na kuingia katika jumba lolote la sanaa bila kuulizwa kibali.

Lakini uhuru huo ulikuwa na bei yake. Chama cha National kilitwaa mamlaka Afrika Kusini mwaka wa 1948 na kuufanya ubaguzi wa rangi kuwa sera ya serikali. Mnamo Februari 1955, polisi walianza kuwahamisha wakazi wa Sophiatown kwa nguvu. Nyumba zilibomolewa, na mahali pake pakajengwa mtaa wa wazungu uliopewa jina Triomf, yaani ushindi. Mwaka wa 1966, District Six nayo ilitangazwa kuwa eneo la wazungu.

Mwaka uo huo wa 1966, Sekoto alikwenda Dakar kuhudhuria tamasha la kwanza la dunia la sanaa za watu weusi, akakaa Senegal kwa takriban mwaka mmoja. Alikanyaga tena ardhi ya Afrika, ila si ya kwao. Kisha akarejea Paris.

Wapo wahakiki wanaoshikilia kwamba kazi alizofanya Ufaransa hazikufikia nguvu ya zile za kati ya 1938 na 1947. Huenda wana haki. Aliendelea kuchora watu na mitaa ya kwao kwa kumbukumbu tu, na kumbukumbu huchuja. Lakini anayemlaumu kwa kuondoka hana budi kujiuliza ni nini angechora huko nyumbani baada ya tingatinga kupita.

Nchi yake ilimkumbuka akiwa mzee. Mnamo 1989, jumba lile lile la Johannesburg lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand kikamtunuku shahada ya heshima ya udaktari. Alikuwa akiishi katika makao ya wasanii wazee huko Nogent-sur-Marne, nje kidogo ya Paris, alikofariki Machi 20, 1993. Miezi 13 baadaye, Waafrika Kusini wa rangi zote walipanga foleni kupiga kura.

Leo, mjukuu wa aliyefukuzwa Sophiatown hawezi kuonyeshwa nyumba ya babu yake. Anaweza, hata hivyo, kusimama mbele ya picha ya Sekoto na kuona jinsi jua lilivyoziangazia kuta zile za manjano, wala halazimiki kushika ufagio ili aruhusiwe kuingia.