Roosevelt na tansio yenye ilipanda miaka kumi

Ndugu wachimbaji, bamama na vijana wa kambi, leo tunaleta maisha ya mutu mumoja mukubwa. Franklin Roosevelt alizaliwa tarehe 30 Januari 1882, kule Hyde Park, Marekani. Mwaka 1921 ugonjwa ulimulemaza miguu, lakini hakuacha siasa. Mwaka 1933 akawa prezida, na watu wakamuchagua mara ine. Sisi wa sendika tunamukumbuka kwa sheria ya 1935 yenye ilihakikisha haki ya wafanyakazi kuunda sendika. Na Katanga iko mu habari yake: sehemu kubwa ya uraniumu ya kazi ya bomu yenye aliruhusu ilitoka Shinkolobwe, ilichimbwa na wazee wetu.

Lakini leo tunafuata damu yake. Mwaka 1935 tansio yake ilikuwa 136 juu ya 78. Mwaka 1937: 162 juu ya 98. Mwaka 1941: 188 juu ya 105. Munganga wake aliona ni kawaida kwa umri ule. Mwezi wa 3, 1944, munganga wa moyo akamupima: 186 juu ya 108, na moyo ulikuwa umepanuka na kuchoka. Wakamupunguzia chumvi, sigara na kazi. Dawa nzuri za tansio hazikuwapo bado. Tarehe 12 Aprili 1945, kichwa kilimuuma sana, akazimia. Mashini ilionyesha 300 juu ya 190. Mushipa ulikuwa umepasuka mu bongo. Akafa siku ile ile, akiwa na miaka 63.

Tansio haina kelele, ndugu. Namba ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unasukuma; ya pili ni wakati moyo unapumzika. Ukijipima nyumbani, kuanzia 135 juu ya 85 tunahesabu iko juu, hata kama ni namba moja tu imefika pale. Kwa munganga, mpaka ni 140 juu ya 90.

Usijipime ukitoka tu mu mugodi. Ngoja nusu saa bila sigara wala kahawa. Kaa dakika tano kimya, egemeza mugongo, miguu chini, mukono juu ya meza usawa na moyo. Pima mara mbili asubui, mara mbili mangaribi, siku saba, andika yote mu kaye. Kipimo kimoja hakihukumu mutu. Munganga ataangalia zote pamoja.

Ukiona 180 juu ya 120, pumzika kidogo, rudilia. Kama imebaki pale, ona munganga siku ile ile. Kama kifua kinauma, pumzi inakosa, mudomo umepinda ao mukono umelegea, kimbia lopitali mara moja.

Roosevelt aliandikiwa namba zake miaka kumi, na hakuna mwenye alizishugulikia mapema. Sisi dawa tuko nazo. Tusikufe na kaye mukononi.