Punnett na Siri ya Vifaranga

Kila mwalimu wa bayolojia huuchora mraba wa Punnett ubaoni, lakini ni nadra mwenyewe kusimuliwa. Reginald Punnett, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1875, alikuwa profesa wa jenetiki Cambridge. Ila kwa maoni yangu, fahari yake imo bandani mwa kuku. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza chakula kiliadimika, na kulisha vifaranga wa kiume, wasiotaga, kukawa hasara. Punnett alitambua kwamba jeni fulani za rangi huambatana na jinsia. Leo twajua zimo katika kromosomu Z: jogoo anazo mbili, mtetea moja, ambayo huwarithisha wanawe wa kiume pekee. Akapendekeza kuku wapandishwe ili kifaranga atambulikane kwa rangi anapoanguliwa. Vifaranga wa kiume, bila shaka, hawakuwa na la kumshukuru. Alifariki mwaka wa 1967.