Ibn al-Shatir: Muwaqqit wa Msikiti wa Damascus

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta'ala), na Rehma na Amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu 'alayhi wa sallam), aali zake na Swahaba zake wote.

Baadhi ya vijana wetu hudhani kuwa elimu ya jua, mwezi na sayari ni ya watu wengine, na kwamba anayeisoma ameupa mgongo msikiti. Leo tunamkumbuka mtu aliyeisoma akiwa ndani ya msikiti.

Ala al-Din Ali bin Ibrahim, maarufu kwa jina la Ibn al-Shatir, alizaliwa Damascus, nchi ya Sham, takriban mwaka 1304. Alifiwa na baba yake akiwa mdogo sana, akalelewa na babu yake. Alijifunza kazi ya kutia njumu za pembe, kisha akasafiri kwenda Cairo na Alexandria kutafuta elimu ya hesabu na falaki. Aliporudi akawa mkuu wa muwaqqit, yaani wanaohesabu nyakati za Swala, katika Msikiti wa Bani Umayya.

Mwaka 773 Hijria (1371) alitengeneza saa ya kivuli ya marumaru, yenye urefu wa takriban mita mbili, ikawekwa kwenye mnara wa msikiti huo.

Zama hizo wanazuoni wa falaki walimfuata Ptolemy, Mgiriki aliyetangulia kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kwa hesabu zake, mwezi ukiwa nusu huikaribia ardhi mno, hata ungepaswa kuonekana karibu mara mbili ya ukubwa wake. Kila mwenye macho anajua kuwa hauonekani hivyo. Ibn al-Shatir hakukubali kuyakanusha macho yake kwa ajili ya jina kubwa. Katika kitabu chake Nihayat al-Sul alipanga upya mwendo wa mwezi na sayari.

Mwaka 1543 Copernicus wa Poland alichapisha kitabu chake kinachoweka jua katikati. Katika miaka ya 1950 watafiti walibaini kuwa mpango wake wa mwezi ni ule ule wa Ibn al-Shatir. Namna ulivyomfikia, wanahistoria wangali wanajadiliana. Nasi tusizidishe: Ibn al-Shatir aliiacha ardhi katikati, na hilo halikuwa sahihi. Kusema hivi hakumpunguzii heshima, kwani uadilifu ni katika dini, na elimu hupokezanwa.

Alifariki mwaka 1375. Rahimahullah.

Ndugu zetu wazazi, ratiba ya Swala iliyobandikwa ukutani msikitini ni hesabu ya jua. Mtoto akiuliza imepatikanaje, tusimkemee. Tukimnyamazisha, atakwenda kuuliza kwingine, na huenda akaambiwa huko kuwa dini haina jibu.

Wallahu a'lam.