Jomo Kenyatta na kazi ya kutamka maneno London

Wasikilizaji wetu wa Kolandoto na vijiji vya jirani, mwanafunzi akifungua kamusi ya Kiingereza hukuta kando ya neno alama za ajabu: V iliyopinduliwa, e iliyosimama kichwa chini. Hizo ni alama za matamshi. Kiingereza hakisomwi kinavyoandikwa. Put na cut zina u ileile, lakini sauti ni mbili. Leo tunamzungumzia mtu mashuhuri aliyewahi kupata riziki kwenye kazi ya alama hizo, Jomo Kenyatta.

Alizaliwa Gatundu, Kenya, miaka ya 1890, akaitwa Kamau. Alisoma kwa wamisionari wa Kiskoti huko Thogoto, akabatizwa Johnstone mwaka 1914. Mwaka 1929 chama chake kilimtuma London kudai ardhi ya Wakikuyu. Alikwenda tena 1931, akakaa Ulaya miaka 15, mara nyingi mfukoni hana kitu.

Mwaka 1935 akapata kazi idara ya fonetiki ya University College London. Kazi yenyewe ilikuwa kusema. Yeye alitamka maneno ya Kikuyu. Lilias Armstrong, mwalimu aliyekwisha kuandika vitabu vya matamshi ya Kiingereza, akasikiliza na kuandika kila sauti, inapopanda na inaposhuka. Kiswahili kina irabu 5. Kikuyu kina 7, sawa na Kisukuma chetu, na msomaji wa Kisukuma anaijua shida hiyo: ukiandika kwa a, e, i, o, u pekee, maneno mawili tofauti yanaweza kufanana kabisa kwenye karatasi.

Armstrong alifariki Desemba 1937, na kitabu kikatoka 1940 kwa jina lake. Kwetu sisi, nusu ya kazi ile ilitoka mdomoni mwa Kenyatta.

Naye hakuisahau. Katika utangulizi wa kitabu chake, Facing Mount Kenya, cha mwaka 1938, alieleza kwamba Wazungu wanakosea kuandika Kikuyu. Iwe Gikuyu, na kwa kufuata sauti kabisa, Gekoyo.

Akawa Rais wa kwanza wa Kenya mwaka 1964, akafariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Gekoyo haikushika. Watu wake wanaandika Gĩkũyũ, zile irabu za ziada zikiwekewa alama juu.