Otenyo Nyamaterere: Mkuki wa shujaa wa Kitutu na mkono wa mhunzi

Atajwapo Otenyo Nyamaterere katika boma lolote la Kisii au Nyamira, jambo la kwanza linalomjia msikilizaji akilini ni mkuki. Wapo mashujaa wanaokumbukwa kwa hotuba zao na wengine kwa vyeo walivyotwaa. Otenyo anakumbukwa kwa pigo moja alilolitoa Januari 1908, na kwa gharama aliyoilipa baada yake.

Mkuki huo, ambao Abagusii huuita ritimo, haukuwa kipande cha chuma tu. Kabla ya ukoloni, vyombo vya chuma ndivyo vilivyokuwa kilele cha ufundi wa jamii hii. Madini yalichimbwa papo hapo nchini, yakayeyushwa kwa makaa na mivukuto, kisha chuma kikafuliwa kwa nyundo hadi kikawa jembe, shoka au silaha. Uhunzi ulikuwa kazi ya wanaume, na wahunzi walitajirika na kuheshimiwa. Majirani zao Waluo walikuja na bidhaa zao wakabadilishana kwa vyombo hivyo. Fundi asiyejua kusawazisha chuma pande zote mbili hakupata mteja, kwa kuwa mkuki usiolingana uzito hupotoka ukiwa hewani. Uzuri wake ulikuwa katika ulinganifu huo.

Ulimwengu wa leo huthamini sana silaha zilizotiwa nakshi kwa mkono. Wapenzi wa sanaa hiyo hutumia mali nyingi kununua bastola ambazo mafundi walizichora majani, maua na wanyama kwa patasi ndogo, wakazipamba kwa dhahabu. Mwaka wa 1854 Samuel Colt wa Marekani alimtunuku Kaizari Nicholas wa Kwanza wa Urusi bastola za namna hiyo. Zilikuwa kazi za kustaajabisha, lakini zilitengenezwa ili zitazamwe. Bastola ambazo maafisa wa Kiingereza walikuja nazo Gusii hazikuwa na pambo lolote. Zilitoka kiwandani, zikifanana moja na nyingine kama punje za mahindi. Kati ya pande mbili zilizokabiliana Kitutu, silaha iliyobeba sanaa ya mkono wa mtu ilikuwa ile ya mwenyeji.

Otenyo alikuwa mwana wa Kitutu, eneo ambalo leo limegawanyika: Kitutu Chache imo katika Kaunti ya Kisii, na Kitutu Masaba katika Kaunti ya Nyamira. Simulizi humhusisha kwa karibu na Moraa Ngiti, mwaguzi na mganga aliyesifika kwa ulimi mkali, ambaye inaelezwa kuwa ndiye aliyemlea. Wakati huo jamii ilikuwa bado ikiyatafakari maneno ya nabii Sakagwa, ambaye wazee husema alitabiri kuja kwa wageni weupe na kuwaonyesha watu mahali ambapo wangejenga makazi yao, pale Getembe.

Wageni walifika kwa kishindo. Mwaka wa 1905 kikosi cha askari wa King's African Rifles pamoja na polisi kiliingia Gusii kuadhibu wenyeji. Wapiganaji walikikimbilia kwa mikuki na ngao za ngozi, wakakutana na bunduki ya mtambo ya Maxim. Robert Foran, afisa wa polisi wa enzi hizo, aliandika baadaye kwamba bunduki hiyo ilifyatuliwa hadi ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto, na kwamba mamia ya watu walilala chini wakiwa wamekufa au kujeruhiwa. Ni vigumu kumwelewa Otenyo bila kuikumbuka siku hiyo. Alipoushika mkuki wake miaka mitatu baadaye, hakuwa mjinga wa nguvu za bunduki.

Mwaka wa 1907 Mwingereza Geoffry Northcote alifungua kituo cha utawala Getembe, mahali ambapo sasa ni mji wa Kisii. Ulimi wa Ekegusii ukaligeuza jina lake kuwa Nyarigoti. Kodi ikadaiwa, mifugo ikatwaliwa, nayo manung'uniko yakazidi. Moraa aliwasuta vijana wa Kitutu kwa uoga, akiwaambia kwamba iwapo wanaume wameshindwa, basi wanawake wako tayari kuingia vitani wenyewe. Kwa mwanamume wa Kigusii, hapakuwa na tusi kubwa kuliko hilo.

Otenyo alilichukua jukumu hilo. Alimvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki mgongoni. Mzungu huyo alianguka na habari zikaenea kwamba ameuawa, ila hakufa. Alitibiwa akapona.

Kisasi kilikuwa kikubwa kupita kiasi. Vikosi vya serikali vilirejea, nyumba zikachomwa, mashamba yakaharibiwa na ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu. Huko London, Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni, alishtushwa na idadi ya waliouawa akahimiza mauaji yakome. Alipozungumza, wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Otenyo alitiwa mbaroni. Kwa mujibu wa simulizi za Abagusii, alipigwa risasi hadharani mjini, mahali palipo leo uwanja wa Gusii, ambako mashabiki wa Shabana FC hukusanyika. Simulizi hizo huongeza kwamba kichwa chake kilikatwa na kusafirishwa hadi Uingereza, huku kiwiliwili kikiachwa kwa jamaa zake.

Mkusanyaji wa bastola za nakshi hununua kazi ya fundi na kuihifadhi pamoja na jina lake. Katika kisa hiki mambo yalipinduka. Mhunzi aliyeufua mkuki ule hakutajwa katika masimulizi, na kilichobebwa kama kumbukumbu ya ushindi, ikiwa wazee wasema kweli, kilikuwa kichwa cha aliyeurusha.

Northcote aliendelea kupanda ngazi. Alikuwa Gavana wa British Guiana, kisha wa Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, na akafariki mwaka wa 1948. Chuo cha kuwafunza walimu kule Hong Kong kilipewa jina lake.

Kwa upande wa Otenyo, wazee na viongozi wa Gusii wameitaka Uingereza mara kadhaa ikirejeshe kichwa hicho. Mila za Abagusii humtaka mtu azikwe akiwa mzima, katika ardhi ya boma lake.